Oberlin: Mji Uliomsikiliza Mchungaji Kuliko Alivyotaka

Ukitoka Cleveland, Ohio, ukaelekea kusini magharibi kwa maili kama 35, utafika Oberlin, mji mdogo usio na mto wa maana, usio na bandari wala mgodi. Miji mingi ya Marekani ya karne ya 19 ilizaliwa penye maji au penye njia panda ya biashara. Huu ulizaliwa topeni. Mwaka 1833 palikuwa na msitu mnene juu ya udongo mzito wa mfinyanzi, udongo ambao mvua ikinyesha haunywi maji, na walowezi waliokuwa wakienda magharibi kutafuta mashamba waliukwepa. Ndiyo sababu watu wawili wa dini wasio na fedha waliweza kuupata.

Wa kwanza alikuwa John Jay Shipherd, mchungaji wa Kipresbiteri katika mji jirani wa Elyria. Wa pili, Philo Penfield Stewart, aliwahi kuwa mmishonari kwa Wachoctaw, na alikuwa na kipaji cha kubuni majiko ya chuma. Walikubaliana na wamiliki wa ardhi waliokaa mbali, New Haven huko Connecticut, wapewe ekari 500 bure za shule, na nyingine 5,000 wazinunue kwa dola 1.50 kila moja na kuwauzia walowezi wacha Mungu kwa dola 2.50. Tofauti ya dola moja ingejenga chuo. Mahali wakapaita kwa jina la Jean-Frédéric Oberlin, mchungaji wa milima ya Alsace aliyefariki mwaka 1826, mtu aliyeshika sururu pamoja na waumini wake kuchonga barabara na aliyefungua shule za watoto wadogo vijijini.

Walowezi wa kwanza walitia saini agano. Wangekula chakula cha kawaida, wangevaa nguo zisizo na madoido, wangeacha tumbaku na pombe, na hata chai na kahawa kadiri ilivyowezekana. Shule ilifunguliwa Desemba 1833 ikiwa na wanafunzi 44, wavulana kwa wasichana, na kila mmoja alitakiwa kufanya kazi za mikono saa nne kwa siku. Mpango ulipendeza kwenye karatasi. Lakini miti haikatwi kwa maombi peke yake, na mwaka mmoja haukupita kabla kisanduku cha fedha hakijawa kitupu.

Wokovu ulitoka Cincinnati, kusini mwa jimbo, kwa njia ya ugomvi. Katika seminari ya Lane, Februari 1834, wanafunzi walijadili utumwa usiku 18, wakiongozwa na Theodore Weld. Baadhi yao walikuwa watoto wa wenye watumwa. Mjadala ulipokwisha walikuwa wamekubaliana kwamba utumwa ni dhambi na ukomeshwe mara moja, nao wakaanza kufundisha watu weusi wa Cincinnati kusoma na kuandika. Wadhamini wa seminari wakaogopa ghasia, wakapiga marufuku mijadala. Wanafunzi wakafunga mizigo yao na kuondoka, kundi kubwa kwa mpigo. Mdhamini mmoja tu ndiye aliyesimama nao kwa ushupavu: mchungaji Asa Mahan.

Shipherd alipofika Cincinnati akitafuta fedha na mkuu wa chuo, alikuta vyote viwili vinamsubiri. Mahan alikubali kuwa mkuu. Wafanyabiashara Arthur na Lewis Tappan wa New York, ndugu wawili waliokuwa wamewekeza mali na roho zao katika vita dhidi ya utumwa, waliahidi kulipia walimu. Sharti lilikuwa moja: wanafunzi weusi wapokelewe kama weupe. Na palikuwa na sharti la pili, la mtu ambaye kila mmoja alimtaka awe mwalimu wa thiolojia. Mtu huyo aliitwa Charles Grandison Finney, na alitaka wadhamini waahidi kutoingilia namna walimu wanavyoendesha mambo ya ndani ya chuo.

Lilikuwa ombi la mwanasheria, na Finney kweli alikuwa amesomea sheria. Alizaliwa mwaka 1792 huko Warren, Connecticut, akakulia jimbo la New York, na akawa anajifunza uwakili katika mji mdogo wa Adams. Aliongoza kwaya ya kanisa huku akiwabishia wazee wa kanisa kwamba maombi yao hayajibiwi. Oktoba 10, 1821, aliingia msituni nje ya mji kuomba, akatoka mtu mwingine. Kesho yake, kwa masimulizi yake mwenyewe, shemasi aliyekuja ofisini kuhusu kesi aliambiwa atafute wakili mwingine, kwa sababu huyu ameshaajiriwa na Bwana Yesu. Alikataa kwenda seminari ya Princeton, akawekewa mikono mwaka 1824, na ndani ya miaka saba akawa mhubiri wa uamsho anayezungumzwa kuliko wote Marekani. Rochester, alikohubiri kuanzia Septemba 1830 hadi Machi 1831, maduka yalifungwa ili watu wahudhurie.

Alihubiri kama wakili anayekabili baraza la wazee wa mahakama. Hakutulia kwenye maandishi. Alimtazama msikilizaji machoni, akamjengea hoja, akamtaka atoe uamuzi palepale. Wapresbiteri wa zamani walifundisha kwamba mwenye dhambi hawezi kufanya lolote mpaka Mungu amguse, kwa hiyo asubiri. Finney alisema kusubiri ndiyo dhambi yenyewe. Aliwaita wanaohangaika rohoni wakae kwenye benchi la mbele, aliruhusu wanawake waombe kwa sauti mbele ya wanaume, alifanya mikutano ya siku nyingi mfululizo. Msomaji aliyewahi kusimama katika mkutano wa injili Jangwani au Uhuru Park, akamsikia mhubiri akiwataka wanaotaka kuokoka wapite mbele, ameshaiona kazi ya Finney hata kama jina halijui. Wito huo hakuubuni yeye. Wamethodisti wa maporini waliutumia kabla yake. Yeye aliuingiza mjini, akautungia nadharia, na mihadhara yake juu ya uamsho, iliyochapishwa mwaka 1835, ikausambaza.

Wadhamini wa Oberlin walipokutana Februari 1835 kuamua juu ya watu weusi, wengi wa wanafunzi waliokuwapo tayari walikuwa wamekwisha kupiga kura ya kukataa. Wasichana kadhaa walisema watarudi kwao hata kama ni kwa kuvuka Ziwa Erie kwa miguu majini, hadithi ambayo mji umeitunza kwa furaha kwa kuwa hakuna aliyejaribu. Kura za wadhamini ziligongana nusu kwa nusu. Mwenyekiti, mchungaji John Keep, akapiga kura ya uamuzi, na azimio lililopita halikusema waziwazi kwamba weusi wanakaribishwa. Lilisema suala la kupokea wanafunzi ni la walimu. Sharti la Finney liliibeba haki iliyoogopwa kutajwa.

Finney alifika majira ya joto mwaka huohuo, na marafiki zake wa New York wakampa hema la mviringo lenye kipenyo cha futi 100, la kuhubiria watu 3,000. Hema lilipandishwa katikati ya visiki, na bendera juu ya nguzo yake ikitangaza utakatifu kwa Bwana. Kwa muda alijigawa, kipupwe New York na kiangazi Oberlin, mpaka mwaka 1837 alipoliacha kanisa lake la New York, Broadway Tabernacle, na kuwa mchungaji wa kanisa la Oberlin, kazi aliyoishika hadi 1872.

Mwaka huohuo wa 1837 uchumi wa Marekani ukaanguka, na Arthur Tappan akaanguka nao. Ahadi za mishahara zikawa karatasi. Finney, aliyekuwa amehubiri mbele ya maelfu, aliuza sanduku lake la safari ili apate ng'ombe wa maziwa badala ya yule aliyemfia, na siku ya Shukrani hakuwa na kitu cha kuilisha familia kipupwe kizima. Aliporudi kutoka kuhubiri, alikuta barua ya Josiah Chapin wa Providence yenye dola 200. Chapin aliendelea kumtunza kwa miaka. Chuo chenyewe kiliokolewa na Waingereza: Keep na William Dawes walivuka Atlantiki mwaka 1839, wakagonga milango ya wapinga utumwa, wakarudi na dola kama 30,000.

Maisha ya Oberlin wakati huo yalikuwa ya ukali unaochekesha kidogo. Chini ya mafundisho ya lishe ya Sylvester Graham, meza ya wanafunzi ilinyimwa nyama, viungo, chai na kahawa, na mkate ulikuwa wa unga usiokobolewa. Walivumilia kwa jina la utakaso hadi 1841, walipofanya mkutano wa hadhara na kusema njaa si roho. Nadhani hapa ndipo mtu anaanza kuuelewa mji huu. Waliofundishwa kutii dhamiri walijifunza haraka kwamba dhamiri inaweza kumkatalia hata mwalimu.

Maana Finney alikuwa na mipaka yake. Huko New York aliwanyima wenye watumwa ushirika wa meza ya Bwana, jambo ambalo wachungaji wachache walithubutu. Lakini watu weusi wa kanisa lake walikaa sehemu yao ya peke yao, na Lewis Tappan alipolalamika Finney hakuguswa sana. Kwake ushirika wa meza ulikuwa suala la dhambi, na viti vilikuwa suala la jamii. Mwaka 1836 alimwandikia Weld kwamba harakati za kupinga utumwa zikitangulia uamsho badala ya kuufuata, nchi itaishia katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Vijana waliotoka Lane, waliokuwa wakisoma kwake thiolojia, aliwakalisha chini na kuwasihi wawe wainjilisti kwanza. Watu wakiokoka, utumwa utakufa wenyewe. Baadhi walimheshimu wakasikiliza. Wengine walikwenda kujiunga na kundi la Weld, wakahutubia Ohio nzima wakipigwa mayai viza.

Juu ya vita hakukosea. Juu ya mengine ni vigumu kumtetea. Yeye ndiye aliyewafundisha kwamba mtu akishaijua dhambi hana ruhusa ya kuahirisha. Kisha walipoigundua dhambi kubwa ya nchi yao akawaomba waahirishe.

Jengo la kanisa la matofali, lililojengwa kati ya 1842 na 1844, lingalipo. Humo Finney alihubiri mara mbili kila Jumapili alipokuwa nyumbani, na alikuwa na desturi ya kuwaombea watu hadharani kwa majina, akitaja hata upungufu wa mtu aliyeketi kiti cha tatu. Wazee wa Oberlin walisimulia kiangazi cha ukame cha 1853, alivyomweleza Mungu hali ya mashamba kinagaubaga kama anayewasilisha hoja mahakamani, na mvua ikanyesha kabla ibada haijaisha. Mafundisho yake na Mahan kwamba Mkristo anaweza kuishi katika utii kamili yaliwaletea sifa mbaya. Mabaraza ya Kipresbiteri yalikataa kuwawekea mikono wahitimu wa Oberlin, na chuo kikazidi kujitenga na makanisa yaliyopaswa kukilisha.

Mahan, mtu mwadilifu asiyejua kusema samahani, aligombana na walimu wenzake hadi akajiuzulu 1850. Mwaka 1851 Finney, akiwa na umri wa karibu miaka 59 na ametoka kuhubiri Uingereza, akawa mkuu wa chuo. Alikubali kwa masharti: shughuli za ofisi zisimhusu sana, na awe huru kwenda kuhubiri. Likizo ndefu ya Oberlin ilikuwa wakati wa baridi, ili wanafunzi wakafundishe shule za vijijini na kupata ada, kwa hiyo mkuu naye aliondoka: Rochester, Boston, Uingereza tena. Waliosukuma gurudumu walikuwa walimu kama James Fairchild, na ndivyo lile sharti la 1835 lilivyozaa chuo kinachotawaliwa na walimu wake. Kuhusu fedha, mpango wa kuuza nafasi za masomo kwa bei rahisi uliingiza mtaji wa dola 100,000, na idadi ya wanafunzi ikapita elfu moja katika mwaka wake wa kwanza au wa pili. Finney aliwapa jina lake na sauti yake, na kwa wazazi wa mashambani hiyo ilitosha.

Wanafunzi hao ndio hasa historia ya Oberlin. Mwaka 1841 Mary Hosford, Elizabeth Prall na Caroline Mary Rudd walipata shahada ileile ya wanaume, mambo yasiyokuwapo popote nchini katika chuo cha wanaume na wanawake. Usidhani ilikuwa pepo. Wasichana walifua na kushona nguo za wavulana. Lucy Stone, aliyehitimu 1847, alikataa kuandika insha ya mahafali kwa sababu ingesomwa na mwanamume. Rafiki yake Antoinette Brown alimaliza masomo ya thiolojia 1850, na jina lake halikuorodheshwa pamoja na wahitimu. Miaka mitatu baadaye kanisa moja dogo huko South Butler, New York, lilimwekea mikono.

Na walikuwapo watoto wa Afrika. Margru, msichana wa Kimende aliyekamatwa akiwa mdogo na kuwa miongoni mwa mateka waliokuwa kwenye meli ya Amistad mwaka 1839, baada ya kurudi Afrika alipelekwa tena Marekani na wamishonari akasoma Oberlin kwa jina la Sarah Kinson, kisha akarejea Sierra Leone kufundisha. George Vashon alipata shahada 1844. John Mercer Langston alihitimu 1849, akasoma thiolojia kwa Finney kwa kuwa shule za sheria zilimkataa, akawa wakili hata hivyo, na mwaka 1855 akachaguliwa karani wa kata ya Brownhelm, karibu na Oberlin, katika nchi ambayo watu weusi wengi walikuwa wakiuzwa mnadani. Mary Jane Patterson alipata shahada kamili 1862.

Septemba 13, 1858, mji ulipimwa. John Price, aliyetoroka utumwani Kentucky, alidanganywa na kijana wa mtaani aliyelipwa dola 20, akatolewa nje ya mji kwa gari la farasi na kukabidhiwa kwa wawindaji waliokuja na afisa wa serikali kuu. Sheria ya 1850 ya watumwa watoro ilikuwa upande wao kabisa. Wakamficha hotelini Wellington, maili tisa kusini, kungoja treni. Habari ilipofika Oberlin, wenye maduka, wanafunzi, mafundi na wakulima, weusi kwa weupe, walitimua vumbi kuelekea Wellington kwa farasi, kwa mikokoteni na kwa miguu. Jioni wakaingia hotelini, wakapanda mpaka chumba cha juu, wakamtoa Price. Alifichwa nyumbani kwa Fairchild, yule mwalimu mpole ambaye hakuna afisa angemdhania, kisha akapelekwa Kanada.

Serikali iliwashtaki watu 37. Walikuwamo mwalimu Henry Peck na muuza vitabu James Fitch, msimamizi wa shule ya Jumapili. Mkuu wa chuo hakuwamo, na mwishoni mwa 1858 alipanda meli kwenda Uingereza kuhubiri. Kesi nzima ilisikilizwa Cleveland yeye akiwa ng'ambo. Waliotiwa hatiani ni wawili tu. Simeon Bushnell alipewa siku 60 na faini ya dola 600. Charles Langston, kaka yake John Mercer, alisimama kizimbani akamwambia hakimu kwamba mtu mweusi hawezi kupata haki mbele ya baraza la weupe watupu, na akahutubia kwa nguvu kiasi cha hakimu kumpunguzia hadi siku 20 na dola 100. Wenzao walikataa dhamana wakakaa jela kwa hiari. Peck alihubiri kutoka uani mwa jela, wafungwa wakachapa gazeti lao humohumo, na watoto kama 400 wa shule ya Jumapili wakaja kwa treni kumwona Fitch. Julai 1859 mashtaka yakafutwa, baada ya kaunti ya Lorain kuwashtaki wawindaji wenyewe kwa utekaji nyara.

Miezi mitatu baadaye watu wawili weusi wa Oberlin, Lewis Sheridan Leary na John Copeland, wote waliokuwa kwenye uokoaji wa Wellington, walikuwa Harpers Ferry katika shambulio la silaha dhidi ya utumwa lililoongozwa na John Brown, ambaye baba yake aliwahi kuwa mdhamini wa chuo. Leary aliuawa vitani. Copeland alinyongwa Desemba 16, 1859. Mjane wa Leary, Mary Patterson (si yule Mary Jane), aliolewa baadaye na Charles Langston, na mjukuu wao ni mshairi Langston Hughes, aliyesimulia kuwa bibi yake alimfunika shuka yenye matundu ya risasi ya mume wake wa kwanza.

Finney alirejea Agosti 1860. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza wanafunzi wake walijiandikisha kwa kundi. Alijiuzulu ukuu 1865, Fairchild akashika nafasi yake mwaka uliofuata, na mzee akaendelea na uchungaji na mihadhara ya thiolojia. Nguvu zake za mwisho alizitumia kuwashambulia Wamasoni, chama alichowahi kuwamo ujanani, na akaandika kitabu kizima juu yao mwaka 1869. Waliompenda walitamani angepumzika. Alifariki Agosti 16, 1875, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 83. Kumbukumbu za maisha yake zilitoka mwaka uliofuata, Fairchild akiwa amezipunguza makali. Maandishi kamili yalichapishwa 1989.

Mafundisho yake yalikwenda mbali kwa miguu ya watu wengine. Mmishonari William Wilcox, mhitimu wa Oberlin, alimpeleka huko kijana Mzulu John Dube mwaka 1887. Dube alirudi Natal akaanzisha shule ya Ohlange, na mwaka 1912 akawa rais wa kwanza wa chama ambacho leo ni ANC.

Pale palipokuwa nyumba ya Finney, mwanawe Frederick alijenga ukumbi mkubwa uliofunguliwa 1908, ambao sasa hutumiwa zaidi na wapiga muziki. Shule ya thiolojia aliyoitwa kuja kuifundisha ilifungwa 1966, na baadhi ya walimu na wanafunzi wake wakahamia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville. Ila lile sharti alilowabana nalo wadhamini kabla hajafunga mizigo yake, chuo bado kinaliita Mkataba wa Finney, na walimu hulitaja kila wanapogombana na bodi juu ya nani ana neno la mwisho.